Besi Iliyonyweshwa kama Mtumbwi

Mjini Kisangani wako watu wanaosimulia kwamba familia ya Losimba iliosha gitaa kwa maji ya mto kama watu wanavyoosha sufuria. Nimeisikia habari hiyo sokoni, nimeisikia mbele ya kanisa, na mara moja nimeisikia kutoka kwa mtu ambaye hakujua kwamba aliyesimama nyuma yake ni mjane wa Benoît Losimba. Sikumjibu. Mimi nimefundisha Kifaransa na historia katika sekondari. Sijibizani na watu kwenye foleni ya mkate. Lakini nilipofika nyumbani niliona kwamba habari ikiachwa kwa watu wa foleni itaota mbawa. Kwa hiyo nitaiandika jinsi ilivyokuwa, na nitaanza na mwenyewe, wifi yangu Augustine, kwa sababu asiyemjua Augustine hawezi kuelewa kwa nini gitaa lile lilitusumbua kiasi kile.

Augustine ni dada mdogo wa marehemu mume wangu. Alizaliwa Isangi, pale Lomami inapoingia katika mto mkubwa, katika nyumba ya mchonga mitumbwi. Baba yao alichonga pamoja na mdogo wake Zacharie, na watoto wa nyumba ile walijifunza kutembea juu ya vibanzi vya mti. Benoît alikuja Kisangani kusoma, akabaki, akawa mwalimu, akanioa. Tulipopata nyumba katika komini ya Tshopo alimleta dada yake asome ufundi wa umeme. Alikuwa msichana peke yake darasani. Jirani mmoja alimwuliza Benoît kama hakuona aibu kumfundisha msichana kazi ya nyaya. Benoît alimjibu kwamba aibu ni kukaa gizani.

Besi, lile gitaa la sauti nzito, ilimkuta kanisani. Mpiga besi wa kikundi cha vijana alihamia Bunia, gitaa likabaki limeegemea ukuta. Vijana waliojaribu kulipiga walilalamika malengelenge, kwa kuwa nyuzi za besi ni nene na ngumu. Augustine alikuwa ameshika kasia tangu utotoni. Ngozi ya vidole vyake haikuona tofauti. Siku ya kwanza alirudi nyumbani akakaa jikoni, akaniita dada mkubwa kama kawaida yake, “Ya Agathe, hii kitu haiimbake mbele ya batu. Mais ikinyamaza, nyumba yote inaanguka.”

Tangu siku hiyo hakuiacha. Leo hii, kanisa au bendi ya Kisangani inayotaka besi ya kweli na ampli, mashine ya kukuza sauti, inayodumu inakuja kugonga mlango wetu. Augustine ananunua, anasafirisha na anatunza. Vyombo vibovu havihitaji mtu wa kuvileta. Vinafika vyenyewe, vina rangi ya kung'aa na mbao za gundi zinazoachana mvua za kwanza zikianza. Vizuri vinahitaji mtu wa kuvifuata.

Nimewahi kufuatana naye Kinshasa, nikamwona akinunua. Kwanza humwomba muuzaji anyamaze. Muuzaji wa Kinshasa hupenda kupiga mwenyewe, na akiwa na mkono mzuri mnunuzi husikia mkono badala ya kusikia mti. Augustine huketi, huiweka besi mapajani bila kuichomeka popote, huegemeza kidevu kwenye ubao wake na kupiga uzi mmoja mmoja, akisikiliza kwa mfupa. Kisha huinyanyua, hufumba jicho moja, na kutazama kutoka kichwani hadi mwisho wa shingo, vile baba yake alivyotazama mtumbwi kutoka ncha hadi ncha kabla ya kuushusha majini. Shingo ya besi inavutwa na nyuzi zile saa zote. Ndani yake kuna ufito wa chuma unaoizuia isipinde, na fundi huukaza au kuulegeza kwa ufunguo mdogo. Augustine akikuta ufito umekwisha kukazwa hadi mwisho, hana tena la kujadili. Anashukuru, anaondoka, hata besi iwe imetoka wapi. Ampli nayo huifungua mgongo kabla hajauliza habari zake.

Nyumbani, chumba cha mbele ni chake. Besi zinaning'inia kwenye ukuta wa ndani, kwa sababu ukuta wa nje unatoa jasho wakati wa mvua. Katika pembe kuna kikapu cha makaa ya kunyonya unyevu, naye huyabadilisha yanapochoka. Ampli na bafle zake, yale masanduku makubwa yanayotoa sauti, zinakaa juu ya mbao, hazigusi saruji. Katika mji wetu ampli haziuawi na umeme unapokwenda; zinauawa na umeme unaporudi kwa nguvu. Kwa hiyo taa zikizimika tu, Augustine huchomoa kila waya kabla hajatafuta mshumaa. Na hakuna anayeweka kitu juu ya ampli. Mchungaji mmoja alikuja kuulizia vyombo, akaweka Biblia yake juu ya ampli, na chupa ya Fanta kando ya Biblia.

“Pasta,” Augustine akasema, “Biblia ibaki. Fanta ishuke.”

Mchungaji alicheka, akaishusha, na tangu hapo ni mteja wetu.

Juu ya haya yote Augustine ana sheria moja ambayo ndiyo heshima ya nyumba yetu: hatoi chombo ambacho yeye mwenyewe asingekubali kukipiga na kukaa nacho. Mtu akibeba kitu kutoka chumba kile, anabeba jina la Losimba. Hakuna aliyewahi kulirudisha.

Sasa nifike kwenye habari yenyewe.

Korali, kwaya ya parokia yetu, ilikuwa inakaribia yubile yake ya miaka hamsini. Rais wa korali ni Papa Dominique, ofisa wa serikali, mwenyeji wa Kindu katika Maniema, mtu mwema anayependa sana kutangaza. Wanakorali walichanga kwa muda mrefu, wakamwomba Augustine awatafutie besi ya nyuzi tano na ampli yake. Hata hajapanda chombo kwenda Kinshasa, Papa Dominique alisimama mbele ya waumini baada ya misa na kusema kwamba siku ya yubile watasikia besi iliyotengenezwa Japani.

Augustine alimngoja mlangoni. “Papa Dominique, umetangaza mutoto mbele mimba iingie.”

“Maman Augustine, mi niko nakuamini.”

“Bon, uniamini na mudomo ya kufunga.”

Kinshasa alipata alichokitaka. Mzee mmoja aliyepiga katika mahoteli miaka mingi alikuwa ameanza kutetemeka mikono, na hakutaka besi yake ya Japani, ya nyuzi tano, ibaki ukutani ikimtazama. Shingo ilikuwa imenyoka, ufito wa ndani ulikuwa bado na nafasi ya kutosha. Mzee alimwomba jambo moja tu, kwamba isiende kwa mtu wa kuitundika kama picha. Augustine alimwambia inakwenda kanisani, itafanya kazi kila Jumapili. Mzee akaridhika. Ampli ilipatikana kwa mtu mwingine, pamoja na bafle nzito ya kubebwa na wanaume wawili.

Kwa ndege vitu vizito vinakuwa ghali, na vinarushwarushwa. Augustine hupenda baleinière, zile boti ndefu za mbao zenye injini zinazopanda mto kutoka Kinshasa, kwa sababu humo analala kando ya mali yake. Aliilaza ampli juu ya mbao, mbali na maji yanayokusanyika chini ya boti, akaizungushia godoro. Besi aliilegeza nyuzi kidogo, akajaza vitambaa chini ya shingo, akaifunga ndani ya mfuko wake mnene. Kasha gumu la yule mzee lilikuwa limevunjika bawaba.

Safari ilikwenda vizuri hadi karibu na Isangi. Mto ulikuwa umepungua, na boti ikapanda juu ya mchanga ikakaa. Nahodha alisema wangoje boti nyingine ije kuwavuta. Siku zikapita, abiria wakaanza kupika ufukweni kana kwamba wamehamia, na yubile ikazidi kukaribia. Ndipo Tonton Zacharie, baba yao mdogo, yule mchonga mitumbwi, aliposikia kwamba binti wa kaka yake amekwama karibu na kwao. Alikuja na mtumbwi wake wa injini, njiani kuleta Kisangani samaki waliokaushwa.

Ampli na bafle hazingeweza kuingia katika mtumbwi uliojaa samaki, na Augustine hakuwa tayari kuziacha. Wengine walimwambia atume besi kwa pikipiki. Alikataa. “Moto ikianguka, mutu anaamuka,” alisema, akimaanisha pikipiki. “Shingo ya gitare haiamuke.” Akaona ni heri besi isafiri na damu yake mwenyewe, ifike mapema, waimbaji wapate kuizoea. Akamkabidhi tontoni yake.

“Tonton, hii ndiyo roho ya safari yangu. Muchunge jua isiiguse. Jua itapasula miti.”

“Tina, ni we utanifundisha mambo ya miti?” mzee akamjibu, akimwita kwa jina la utotoni.

“Hapana, Tonton.”

“Mi ndiye nilichonga mutumbwi yenye ilikubeba wakati ulikuwa unanyonya. Enda kulinda masanduku yako.”

Naye akaenda kulinda masanduku yake, roho imetulia.

Hapa nataka msomaji atulie nami kidogo, hasa msomaji ambaye hakuzaliwa mtoni. Mtumbwi mpya ukiachwa juani hupasuka. Kila mtoto wa Isangi na Yanonge anajua hivyo. Kwa hiyo mchonga mitumbwi huufunika kwa majani mabichi na kuumwagia maji, asubuhi na jua linapopanda, mpaka mti uzoee. Mtu anayefanya hivyo si mjinga, ni fundi. Tonton Zacharie aliambiwa alinde mti usipasuliwe na jua, naye akafanya kile ambacho mikono yake imefanya maisha yote. Aliilaza besi katikati ya mtumbwi, akaifunika kwa majani ya mangongo, yale mapana ya kufungia kwanga, mkate wa muhogo, akaimwagia maji ya mto. Na alipoona kwamba mfuko unayazuia maji yasifike kwenye mti, aliufungua.

Mimi ndiye niliyempokea. Aliingia uani akiwa ameibeba besi mikononi kama mtoto aliyetoka kubatizwa, na mfuko ulikuwa unadondosha maji juu ya saruji yangu.

“Umuambie Tina,” alisema, “haikuona jua hata kidogo.”

Huyu ni baba mdogo wa mume wangu. Nilimwambia aksanti, Papa, nikamwandalia lituma ya ndizi za kupondwa na samaki, naye akala kwa furaha ya mtu aliyefanya kazi vizuri. Alipokwenda kupumzika niliitoa besi mfukoni, nikaifuta kwa shuka, nikaitundika kwenye ukuta wa ndani. Sikuiweka juani. Nimekaa na Augustine miaka ya kutosha.

Yeye alifika baada ya boti kuvutwa, akitembea nyuma ya pousse-pousse, mkokoteni uliobeba ampli na bafle kutoka bandarini, akiwaambia wasukumaji wapite wapi na wakwepe shimo gani. Alipoingia chumba cha mbele alinusa kabla ya kuona. Chumba kilikuwa na harufu ya mto na majani.

“Ni nani?”

“Tonton.”

“Alisema nini?”

“Alisema haikuona jua.”

Aliketi juu ya bafle, jambo ambalo hamruhusu mtu mwingine kulifanya, akajifunika uso kwa kitenge. Mabega yalianza kutikisika. Nilidhani analia, nikasogea. Alikuwa anacheka. “Ya Agathe, mi mwenyewe nilimuambia. Nilimuambia jua. Mayi, nilisahau.”

Kisha akafunga kitenge kiunoni akaanza kazi. Nyuzi zilikuwa zimeshika kutu, akazitupa. Alifungua kifuniko cha nyuma, ndani mnamokaa nyaya, akatoa maji na kipande cha jani la mangongo. Alisafisha kila kitufe na kila kiungio kwa alkoholi, akakausha, akajaribu, na sauti ikarudi safi bila kukwaruza. Hiyo ilikuwa sehemu nyepesi. Nzito ilikuwa shingo. Ubao wa mbele wa shingo, pale vidole vinapokanyaga nyuzi, haupakwi vernis, ile vanishi ya kuzuia maji, kama sehemu nyingine, na maji yaliingilia hapo. Ilikuwa imevimba upande mmoja na kujikunja.

“Miti ilikunywa,” aliniambia. “Sasa itatoa pole pole. Ukiilazimisha, inapinda ya milele.”

Aliiweka ndani ya kabati lililofungwa, pamoja na makaa makavu, mbali na jua na mbali na moto. Kila siku aliitoa, akaitazama kwa jicho moja, akageuza ufito wa chuma kidogo sana, akairudisha. Shingo ilianza kunyoka. Juma la yubile lilipofika besi ilikuwa inaimba vizuri hata mimi nilisimama uani na ndoo mkononi kuisikiliza.

Ndipo jambo likawa gumu. Karibu na kichwa palibaki msokoto mdogo ambao mpigaji asingeuhisi, lakini jicho la Augustine liliuona. Mti ulikuwa bado unatoa maji. Jumapili besi ingeimba, Papa Dominique angetangaza, watu wangepiga makofi. Halafu, mti ukiendelea kukauka, nyuzi zingeanza kugonga vyuma vya shingoni, na korali ingesema kwamba Augustine Losimba amewauzia mgonjwa aliyepakwa mafuta. Na kama asingeitoa Jumapili, lazima aseme kwa nini, mbele ya watu wenye masikio marefu, huku Tonton Zacharie akiwa bado mjini akingojea kipuri cha injini yake.

Tulikubaliana mimi na yeye. Angesema ukweli kwamba chombo kimepata maji mtoni na hakijawa tayari, na lawama angeibeba yeye, kwani safari ni yake. Jina la Tonton lisingetoka katika nyumba yetu. Tuliona tumepanga vizuri. Hakuna kati yetu aliyefikiria kwamba Tonton mwenyewe atakuja kwenye mazoezi.

Alikuja. Jumamosi mchana, katika ukumbi wa parokia, tulimkuta amekaa safu ya kwanza, amevaa shati lake la sherehe, kwa sababu alitaka kuisikia besi aliyoisafirisha.

Augustine alichomeka ampli, akampa besi Bonheur, mwanafunzi wa chuo kikuu anayepigia korali. Alitaka waisikie kabla hajasema neno, wasije wakafikiri anaficha kitu kibaya zaidi. Bonheur akapiga. Vioo vya madirisha vilitetemeka kidogo, kina mama wa sauti ya kwanza wakatazamana, na mtu mmoja nyuma akasema taratibu, “Eh, mama.”

Papa Dominique alikuwa amekwisha simama. “Nilisema ao sikusema?”

“Ulisema, Papa,” Augustine akajibu. “Inaimba. Mais siitoe.”

Bonheur aliikumbatia besi kama mtu anayeogopa kunyang'anywa sahani.

“Haiyatulia,” Augustine akaendelea. “Ilipata mayi ku mutoni. Safari ilikuwa yangu, kosa ni yangu. Mi nitawapa, mais mungojee.”

“Tungojee?” Papa Dominique akashika kichwa. “Maman, yubile iko kesho. Mayi gani? Sauti iko bien.”

Mama mmoja wa sauti ya pili, mwenyeji wa Maniema kama rais wake, akasema kwa wote kusikia, “Hawa batu ya mayi, hata gitare banabatiza.”

Watu wakacheka, na pengine yote yangeishia katika kicheko hicho. Lakini Tonton Zacharie alisimama. Hakukasirishwa na mzaha. Alikasirishwa na binti wa kaka yake kuomba radhi kwa kazi nzuri ambayo hakuifanya yeye.

“Kosa gani, Tina? Ile mayi nilimwanga mi.” Aliwageukia wanakorali. “Kila asubui nilimwanga, na jua ikipanda nilimwanga tena. Ndio maana munaona haikupasuka.”

Kisha Mama Florentine, ambaye ni mtu wa Yanonge na mkubwa kuliko wote katika korali, akauliza kwa makini, “Na ulifunika na mangongo?”

“Na mangongo.”

“Ah bon,” akasema Mama Florentine, akaegemea kiti. “Vizuri.”

Na watu wote wa mtoni wakaitikia kwa kichwa, nao watu wa Maniema wakacheka hata wanaume wa sauti ya nne wakashikana mabega. Tonton alibaki amesimama katikati ya vichwa vinavyoitikia na vinywa vinavyocheka, na niliona usoni mwake kwamba ameanza kuelewa kuna kitu hakijui.

Augustine angeweza kunyamaza. Nusu ya ukumbi ilikuwa imekwisha mpa Tonton haki, na nusu nyingine ilikuwa inafurahi mno kuuliza maswali. Angeiacha besi mikononi mwa Bonheur na kwenda nyumbani. Alimfuata Bonheur, akaichukua besi, akaipeleka hadi safu ya kwanza, akaiweka mikononi mwa tontoni yake.

“Tonton, mutazame sawa munatazamaka mutumbwi.”

Mzee aliinyanyua. Alifumba jicho moja. Vicheko vikapungua, kwa sababu kila mtu anapenda kumtazama fundi anapotazama. Alikaa hivyo kwa muda, akaigeuza, akatazama tena kutoka upande wa pili. Kisha kidole chake kikaenda moja kwa moja karibu na kichwa, pale pale.

“Hapa inageuka,” alisema. “Ni nani aliharibisha?”

Augustine alichuchumaa mbele yake ili asiseme akiwa juu ya mkubwa wake. “Mutumbwi inaishi mu mayi, Tonton, njo maana tunaizoezesha mayi. Hii, walikausha miti yake miaka, kisha bakapaka vernis isinywe tena. We ulifanya yote sawa fundi. Ni mi nilikuambia nusu.”

Mzee aliitazama besi mapajani mwake. “Donc ilikunywa.”

“Ilikunywa.”

“Na ingali inatoa?”

“Ingali.”

“Na huyu papa,” akamwelekezea Papa Dominique kidevu, “anataka kuibeba kesho?”

“Ndiyo, Tonton.”

“Hapana.” Alisimama na besi yake. “Mi siuzishake mutumbwi yenye ingali inageuka. Hata chifu anaingojaka. Papa Président, utangoja.”

Papa Dominique, ambaye alikuwa tayari kubishana na Augustine mpaka jioni, alilegea mbele ya mzee aliyetoka kuchekwa na ukumbi mzima na bado akachagua upande wa mti. “Mais Papa,” alisema kwa upole, “mi nilikwisha tangaza.”

“Utangaze tena. Mudomo unayo.”

Safari hii watu wa mtoni ndio waliocheka, na Mama Florentine alipiga makofi mara moja tu, kama anayefunga mjadala.

Jumapili Bonheur alipiga besi ya Augustine mwenyewe, ile ya nyuzi nne ambayo haijawahi kutoka nyumbani bila yeye, kupitia ampli mpya ambayo haikunywa chochote. Yubile ilipendeza. Papa Dominique alitangaza kwamba besi ya Japani inapumzika baada ya safari ndefu, akasema kwa ufahari kana kwamba besi za miji mingine hazina ruhusa ya kupumzika. Watu wakaamini kwamba hiyo ndiyo desturi ya vyombo vya thamani. Hawakukosea sana.

Kabati lilifunguliwa na kufungwa mpaka siku ambayo Augustine aliitazama shingo asubuhi, akaitazama tena baada ya siku kadhaa, na haikuwa imesogea. Ndipo akapeleka habari Isangi. Tonton alikuja, akaitazama mwenyewe kabla ya korali kuiona, akasema, “Sasa inaweza kushuka.” Waliipokea siku hiyo, na wanaipiga mpaka leo. Atakaye kujua kama nyumba ya Losimba huuza vyombo vilivyooshwa, aje misa ya pili, akae karibu na nguzo ya kushoto, asikilize.

Tonton Zacharie hakuacha kutusafirishia. Mvua zilipoanza alileta ampli nyingine iliyoshushwa Isangi, ya bendi moja ya komini ya Mangobo. Mimi na Augustine tulikwenda kumpokea bandarini huku mvua inanyesha. Katikati ya mtumbwi tuliona mzigo uliofungwa kwa turubai mpya, na turubai ya pili juu yake, na kamba pande zote. Tonton mwenyewe alikuwa nyuma kwenye injini, kichwa wazi, shati limegandamana na mwili, maji yanamtiririka kutoka nywele hadi kidevuni.

Augustine alimwonyesha turubai ya pili kwa mkono, kama anayeuliza kwa nini hakujifunika nayo.

“Tina,” alituitia kabla mtumbwi haujagusa ukingo, “yeye hakukunywa hata kidogo. Mi ndiye nilikunywa.”